Dakika za Rahmah

Jumatatu, 23 Machi

Daktari amenipa daftari hili leo, daftari la watoto wa shule, lenye pundamilia kwenye jalada. Kila asubuhi niandike dakika: mikono imekakamaa kwa muda gani kabla haijakubali kufunga kifungo. Namba tu, alisema. Lakini daftari lina kurasa tisini na sita, na mimi nina miaka sita ya kunyamaza. Atavumilia.

Daktari Wamalwa ni Mkenya, wa Bungoma, kwa hiyo pale kliniki ya hospitali ya Mulago mimi na yeye tunasemezana Kiswahili na Waganda wanatushangaa. Alinibonyeza vidole kimoja kimoja, macho yake usoni pangu, aone nitakunja uso kwenye kipi. Sikukunja. Akasoma karatasi ya damu, akaisoma tena.

"Mama Kaltumi, huu ugonjwa wako wa viungo umelala."

"Umekufa?"

"Haufi huu. Umelala. Ukimeza vidonge vyako kila Ijumaa, utaendelea kulala. Wewe usiupigie kelele tu."

Nikamwonyesha vidole vilivyopinda. Akasema vilivyopinda vimepinda. "Ungekuja ndani ya wiki kumi na mbili za mwanzo, hivi visingefika hapa." Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Wiki kumi na mbili. Mimi nilifika kwake mwaka wa nne.

Nililia kwenye ngazi za hospitali mbele za watu. Halafu nikashuka Wandegeya, nikanunua chapati ya mayai, nikaishika na kuila kwa mkono wangu mwenyewe, nimesimama, mafuta yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Sijala kitu kitamu hivyo tangu niugue.

Jumanne, 24 Machi. Dakika 15.

Acha niwaweke watu mahali pao. Nyumba hii ya Kivulu ilijengwa na baba yetu, Mnubi, sajini, aliyetufundisha kuandika Kiswahili kambini kwa fimbo. Alituachia mimi na kaka yangu Swaib. Rahmah ni mke wa Swaib.

Mimi nilikuwa msukaji wa makawa. Kawa langu likifunika sinia, hata inzi alipiga hodi. Viungo vilipoanza kuuma Rahmah aliniambia, "Ni baridi ya mvua, wifi, jipake mafuta." Nikajipaka. Vidole vilipopinda alichukua jamvi langu la barazani, na wateja wangu, na sindano yangu ya mfupa niliyorithi kwa mama. Kawa langu la mwisho lilibaki nusu. Alilifumua mbele yangu, mshono kwa mshono. "Ukindu usiharibike bure," alisema.

Amenikogesha miaka minne. Naandika hilo pia, maana daktari alitaka ukweli. Lakini mgeni akipiga hodi, alimjibu kwa sauti kutoka bafuni, "Ngoja kidogo, naogesha mtoto yetu!"

Alhamisi, 26 Machi. Dakika 10.

Tarehe ya harusi imetajwa. Mastula, binti wa Swaib na Rahmah, ataolewa na Fadhul wa Bombo Jumamosi ya tarehe 16 Mei. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe bila kawa kubwa. Shangazi yake ndiye hulisuka, na mama yake ndiye hulibeba juu ya sinia ya chakula na kuliweka mikononi mwa mama mkwe, watu wote wakitazama. Shangazi ni mimi. Hapana mwingine.

Rahmah akawaambia wageni, "Kawa nitasuka mimi mwenyewe. Shangazi mikono yake mnaona, kama tangawizi." Wakacheka. Nami nilicheka. Mgonjwa hujifunza kucheka mapema.

Sikuwaambia kwamba ugonjwa umelala.

Jumapili, 29 Machi. Dakika 10.

Leo asubuhi Rahmah alishika kikombe cha chai kwa viganja viwili, vidole vyote vimesimama kando, havikigusi. Pete yake ya ndoa ameivua, ameitundika shingoni kwa uzi. "Nimenenepa," alimwambia Swaib, na Swaib akafurahi, mume mpumbavu, akaona ni sifa kwake.

Rahmah hajanenepa. Vifundo vya vidole viwili vya kati vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto, sawasawa. Mimi nilianza hivyo hivyo, vidole hivyo hivyo. Hapa nyumbani hakuna anayeijua alama hiyo isipokuwa mimi.

Sitadanganya ndani ya daftari langu. Nilifurahi. Nilirudi chumbani kwangu, kile cha nyuma kinachovuja, nikakaa kitandani na kufurahi hadi chai ikapoa.

Jumatatu, 30 Machi. Yangu 10. Rahmah 30.

Nimepata namna ya kumpima. Anaamka na adhana ya alfajiri. Zamani kiberiti cha sigiri, jiko letu la makaa, kilisikika mara tu baada ya swala. Leo alimwita Mastula amwashie, Mastula akawa bado amelala, basi Rahmah akangoja. Njiti ya kwanza ilivunjika. Na ya pili. Tangu mwisho wa swala hadi moto: dakika thelathini.

Alhamisi, 2 Aprili. Yangu 10. Rahmah 35. Mvua.

Ijumaa, 3 Aprili. Yangu 5. Rahmah 40.

Vidonge vyangu nimemeza. Rahmah aliniangalia nikivimeza. Akasema, "Wewe na dawa yako. Kama ni kupona, si ungepona?"

Jumatano, 8 Aprili. Yangu 5. Rahmah 40.

Nimekwenda sokoni Kikuubo peke yangu. Peke yangu! Nimesukumwa na wachukuzi wa magunia, nimetukanwa na mwenye toroli, na nimemtukana kwa ufasaha. Muuza rangi na ukindu, Mganda mmoja mnene, alinikumbuka baada ya miaka yote hiyo, akaniita bibi na kunihurumia kwa lugha yake. "Nyabo! Walisema wewe nakufa! Bambi, chukua hii nyekundu, langi yake haitoki hata ukifua na mvua." Nikachukua nyekundu, nyeusi na njano.

Nyumbani nilifunga mlango nikajaribu. Sindano sina, nilitumia msumari uliochongwa. Mzunguko wa kwanza ulitoka kama mdomo wa mlevi. Nikaufumua. Wa pili pia. Wa tano ulikaa. Kidole cha shahada hakinyooki tena, kwa hiyo nausukuma ukindu kwa kifundo chake, na kumbe kifundo kinabana kuliko ncha. Mshono wangu mpya ni mgumu kuliko wa zamani. Nilitazama duara lile dogo, halizidi kifuniko cha chupa, nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na sikuwa na adabu ya kuishusha.

Nilisikia Rahmah barazani akihema kila anapovuta uzi.

Jumamosi, 11 Aprili. Yangu 5. Rahmah 50.

Mvua usiku kucha. Ndoo tatu chumbani kwangu. Wiki ya pili ya Rahmah, kati ya zile kumi na mbili, inakwisha leo. Sikusudii kuhesabu, lakini najikuta nahesabu.

Jumamosi, 18 Aprili. Yangu 0. Rahmah 55.

Sifuri. Nimeamka, nimefunga vifungo vyote sita vya gauni, nimevifungua, nimevifunga tena.

Alasiri Rahmah aliingia chumbani kwangu bila hodi, kama kawaida, akanikuta nimeshika kazi yangu. Hakushangaa. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akalitupa kawa kubwa kitandani. Lilikuwa limefika robo, mishono imelegea, mtu angepitisha kidole.

"Wewe maliza," alisema. "Mimi mambo ya harusi nanishinda. Unga, hema, wageni. Sina nafasi."

"Mikono je?"

Aliificha chini ya khanga. Halafu akaitoa. Sijawahi kumwona Rahmah akiomba kitu, kwa hiyo mwanzoni sikujua kwamba anaomba.

"Nauma, wifi. Asubuhi kama si yangu. Wewe unajua hii mambo. Ni nini?"

Nilijua ni nini. Nilijua jina lake, jina la vidonge vyake na namba ya mlango wa kliniki. Nilijua pia kwamba wiki ni ya tatu, na kwamba mtu akiambiwa ana ugonjwa kama wangu, harusi itaahirishwa na kawa litarudi kabatini.

Nikasema, "Ni baridi ya mvua. Jipake mafuta."

Alinishukuru. Akanirudishia sindano ya mama, akaniwekea mapajani.

Jumapili, 19 Aprili. Yangu 0. Rahmah 55.

Nimelifumua kawa lake lote. Mbele yake. Nikamwambia ukindu usiharibike bure. Alitazama kando.

Jumanne, 28 Aprili. Yangu 0. Rahmah 60.

Nasuka tangu asubuhi hadi magharibi, barazani, kwenye jamvi langu. Wapita njia wanasimama. "Kaltumi, umefufuka!" Nawaambia ndiyo, na ahera wamewasalimu. Wateja wawili wa zamani wameweka oda. Moyoni nina furaha ambayo sijui pa kuiweka. Naamka kabla ya adhana kuhakikisha kwamba ipo.

Nyumba nzima inanuka mafuta ya habasoda. Rahmah anajipaka asubuhi na jioni.

Jumatatu, 4 Mei. Yangu 0. Rahmah 60.

Kuna jambo linanikera na nitaliandika ili litoke. Mwaka wa tatu wa ugonjwa wangu, msimu wa mvua kama huu, mfereji wa Kivulu ulifurika na maji yakaingia chumbani. Sikuweza kusimama. Rahmah alinibeba mgongoni, maji yakiwa magotini pake, akinitusi njia nzima: gunia, mkosi, mzigo wa mawe, kwa nini usife niolewe na usingizi. Alinibeba hadi msikitini. Alirudi majini kuchukua dawa zangu za maumivu.

Basi. Nimeandika. Halijatoka.

Jumamosi, 9 Mei. Yangu 0. Rahmah 70.

Kawa limekwisha. Jekundu, nyota nyeusi nane, ukingo wa njano. Mastula alilivaa kichwani akacheza. "Shangazi, hii hata Bombo hawana!" Rahmah alilishika kwa kingo, akaliinua, nikaona viwiko vikitetemeka. Na hilo ni tupu, bila sinia.

Ningeweza kusema hapo. Ningesema, acha nibebe mimi, au abebe mama mwingine. Wiki ya sita.

Jumamosi, 16 Mei

Leo sikupima mtu.

Mvua ilisimama saa tano, wakasema ni baraka. Hema lilijaa. Ndugu wa Fadhul walikuja kutoka Bombo na magari manne, mama yake mbele, mwanamke mrefu aliyejifunga tobe la zambarau. Vigelegele. Rahmah akatoka jikoni na sinia kichwani, juu yake kawa langu, na watu wakashusha pumzi kwa uzuri wake. Nilisikia mtu akitaja jina langu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa Rahmah.

Kichwani lilikaa vizuri. Ni pale alipolishusha. Viganja vikalipokea, kisha kiganja cha kulia kikakataa. Niliona kikikataa. Niliona uso wake ukinitafuta mimi, kati ya watu mia mbili, mimi. Hatua tatu. Mikono yangu ilikuwa mizima, imetulia tumboni.

Sinia ilianguka. Mchuzi ulimfika mama mkwe hadi kifuani. Kawa liliviringika kwenye tope, likapita katikati ya viti, likasimama miguuni pa shehe.

Na mimi nilicheka. Si kwa nguvu. Kicheko kidogo kilichoponyoka, lakini Mastula alikuwa karibu nami, akageuka chini ya shela yake na kuniona.

Mama mkwe alisema, "Mkono wa mama ndio bahati ya mtoto."

Jumapili, 17 Mei. Yangu 0. Rahmah hakuwasha moto.

Jumatano, 20 Mei. Yangu 0. Rahmah 80.

Swaib hasemi na mkewe. Akisema ni kumtuma. Leo alimwambia mbele ya fundi wa hema, "Wewe mwanamke hata sinia nakushinda, sasa kazi yako hapa ni gani?" Jirani yetu Nanyama anasema ni jini wa mikono, amehama kutoka kwangu kwenda kwa Rahmah, ndiyo maana mimi nimepona. Watoto wa jirani wamekatazwa kunywa maji yetu. Nilipougua mimi pia walikatazwa.

Kawa nimeliosha. Yule Mganda alisema kweli, rangi haikutoka.

Jumatatu, 25 Mei. Yangu 0. Rahmah 85.

Mastula amepiga simu kutoka Bombo. Hawakumrudisha. Mama mkwe anamwita "yule wa mchuzi." Aliongea na baba yake, akaongea na mama yake. Nilinyoosha mkono nipewe simu. Rahmah akasema, "Amekata."

Jumamosi, 30 Mei. Yangu 0. Rahmah 90.

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda jikoni kuchukua maji nikamkuta amekaa sakafuni, gauni wazi mgongoni, anavuta kifungo cha mkono wa nguo kwa meno. Alikuwa ameshindwa cha mgongoni, amekuja kwenye hiki cha mkononi, na hiki nacho kilikuwa kinamshinda. Hakuwa analia. Ningeweza kuvumilia kama angekuwa analia.

"Kila siku najipaka ile mafuta," alisema, kama mtu anayejitetea kwa mwalimu. "Kila siku, wifi. Chupa ya tatu hii."

Hapo ndipo jambo liliponiingia, na nitaliandika kama lilivyoingia. Miaka sita nimemchukia kwa sentensi moja: ni baridi ya mvua, jipake mafuta. Lakini yeye alisema kwa kutojua. Aliamini. Alininunulia mafuta yenyewe. Mimi nilisema hiyo hiyo nikijua, nikarudi chumbani, nikaandika namba. Kati yetu wawili, katili ni nani? Nilijibu kabla swali halijaisha.

Nikamfunga vifungo vyote, vya mgongoni na vya mikononi. Nikamwambia, "Jumatatu tunakwenda Mulago."

"Kufanya nini?"

"Kwa daktari wangu."

"Kwa hiyo si baridi," alisema.

Jumatatu, 1 Juni

Tulikwenda kwa boda mbili, sikutaka anishike. Alivaa glavu za sufi za Mastula za shule.

Daktari Wamalwa alimbonyeza vidole kimoja kimoja, akimtazama usoni. Rahmah alikunja uso kwenye kila kimoja. Daktari akachukua kalamu.

"Mama, hii ilianza lini?"

"Baada ya harusi," Rahmah alisema. "Wiki mbili tu."

"Hakikisha. Kila mgonjwa ananiambia wiki mbili. Nataka tarehe ya kweli, mama, kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zinaamua kila kitu. Uliona nini kwanza? Asubuhi inakakamaa kwa muda gani?"

"Sikumbuki, daktari. Nilikuwa na mambo mingi."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kibanda cha walinzi. Ningeweza kukaa kimya nami, na daktari angeandika wiki mbili, na hakuna ambaye angejua kamwe. Nilitoa daftari mkobani, nikaliweka mezani, nikalifungua.

"Machi ishirini na tisa," nilisema. "Jumapili. Aliivua pete, akashika kikombe kwa viganja. Kesho yake, dakika thelathini."

Daktari akalivuta daftari kwake. Alisoma akifuata mstari kwa kidole, na kwa ajili ya Rahmah alizisoma namba kwa sauti, mtu mwema, hakujua anachosoma. "Thelathini na tano. Arobaini. Hamsini, tarehe kumi na moja Aprili. Hamsini na tano. Sitini." Alizisoma zote. Chumba kile kina viti viwili vya wagonjwa na vyetu vilikuwa vimegusana.

"Sijawahi kuona rekodi kama hii," alisema. "Hakuna mtu huja hapa na wiki zake za kwanza zimeandikwa siku kwa siku. Nani aliandika?"

"Mimi."

Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. "Wiki tisa. Tungekuwa na hizo tisa ingekuwa bora, lakini kumi na mbili hazijaisha. Tunaanza leo. Vidole hivi tunaweza kuviokoa, mama. Siahidi, lakini tunaweza."

Rahmah alimshukuru. Aliniachia mimi karatasi za dawa nizibebe. Tulichukua dawa dirishani, tukatoka langoni. Kwenye mteremko wa kuelekea Wandegeya alisimama kwenye mvua, glavu zikitiririka maji.

"Siku nilikuuliza. Nilikaa kwa ndoo yako, nikakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na siku ya harusi?"

"Nilijua pia."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, akapanda boda yake.

Jumanne, 2 Juni. Yangu 0.

Adhana. Swala. Halafu kiberiti: njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili. Nilisimama, nikaenda jikoni nimwashie. Mikono yangu haina kazi nyingine alfajiri.

Aliusukuma mkono wangu kwa kiwiko. Hakunisalimia. Alipiga njiti ya tatu, ya nne, ya tano, ameibana kati ya viganja, kichwa kimeinama, mpaka ikashika, na moto ukamulika vifundo vyake vilivyovimba. Akaangalia saa ya simu.

"Tisini na mbili," alisema. "Toka hapa. Kazi yako ni kuandika."

Rahmah 92.